Kufufuka kwa Bwana Msa: Maisha ya Muhammed Said Abdulla na Safari ya Shujaa Wake

Ikisiri

Makala haya yanaeleza maisha ya Muhammed Said Abdulla (1918–1991), mwandishi wa Unguja aliyeanzisha riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, kwa kufuatilia namna alivyomrudisha shujaa wake, Bwana Msa, katika vitabu saba vilivyotoka baina ya mwaka 1960 na 1984. Inadaiwa hapa kwamba kila mara shujaa huyo aliporudi, kurudi kwake kulitokana na nafasi aliyoipata mwandishi na hali ya uchapishaji wa Afrika Mashariki. Hakukuwa na shirika lililommiliki na kuamua aendelee kuishi. Kwa sababu hiyo uhai wa Bwana Msa, tofauti na ule wa mashujaa wenzake wa Ulaya na Marekani, umo mikononi mwa wasomaji na wahakiki.

1.0 Utangulizi

Katika historia ya riwaya ya Kiswahili, ni wahusika wachache ambao majina yao yametangulia majina ya vitabu walimotokea. Bwana Msa ni mmojawapo. Wapo wasomaji wasioweza kutaja mwaka wala mchapishaji wa kitabu chochote cha Muhammed Said Abdulla, lakini wanamkumbuka bwana mtulivu mwenye kiko mdomoni, asiye polisi, anayesikiliza zaidi kuliko anavyosema, na rafiki yake Najum ambaye huona yote anayoyaona mwenzake bila ya kuyaunganisha.

Pamoja na umaarufu huo, uhakiki wetu haukumtendea haki mwandishi wake. Katika miaka ya Ujamaa, wahakiki wengi walitaka fasihi iliyojitoa kuijenga jamii mpya, na riwaya ya upelelezi ikahesabiwa kuwa burudani ya kupitishia wakati. Katika hali hiyo, mwandishi anayemrudia shujaa yule yule kitabu baada ya kitabu huonekana kuwa fundi anayerudia kazi moja. Makala haya yanauchukua urudiaji huo kuwa ndio jambo la kuchunguza. Mwandishi anapomfufua shujaa baada ya kimya cha miaka mingi, huwa amepata sababu, nafasi na mchapishaji. Mambo hayo matatu yana historia, na historia hiyo ndiyo tunayoifuata katika maisha ya Abdulla.

2.0 Makunduchi, Idara ya Afya na Magazeti

Muhammed Said Abdulla alizaliwa mwaka 1918 huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Makunduchi inafahamika pwani yote kwa Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi ambapo wanaume hupigana kwa makuti ya migomba ili kuondoa kinyongo, kibanda huchomwa moto, na wenyeji huwakumbuka waliotangulia. Mtoto aliyekulia katika mazingira hayo alijifunza mapema kwamba Uislamu wa msikitini na heshima kwa watu wa kale viliweza kukaa katika mji mmoja, mara nyingi katika nyumba moja, bila ya mwenye nyumba kuona haja ya kueleza vinapatanaje. Ujuzi huu ndio uliokuja kuzaa riwaya yake ya kwanza.

Alimaliza masomo mwaka 1938, akaingia kazini katika Idara ya Afya akiwa mkaguzi. Waandishi wa wasifu wake huipita kazi hiyo kwa haraka, ingawa inastahili kutazamwa. Mkaguzi wa afya ni mtu anayeingia katika nyua za watu kwa ruhusa ya sheria, akatazama kisima, choo, jaa na jiko. Huulizwa anataka nini, hupewa majibu ya adabu, na huondoka akiwa amekiona kile ambacho majibu yalikusudiwa kukificha. Hatudai kwamba kazi hiyo pekee ilimfanya kuwa mtunzi wa hadithi za upelelezi. Hata hivyo, ni katika miaka hiyo ndipo fikra ya kuwa mwandishi ilipoanza kumjia, na mbinu kuu ya Bwana Msa, yaani kuingia nyumbani kwa watu kwa upole na kukitazama cha kawaida mpaka kikose kuwa cha kawaida, inafanana sana na kazi ya mkaguzi.

Mwaka 1948 aliiacha kazi ya afya na kuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Katika muongo uliofuata alikuwa pia mhariri msaidizi wa Al-Falaq, Al-Mahda na Afrika Kwetu. Orodha hii inahitaji kusomwa kwa makini. Al-Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu, na Afrika Kwetu lilisimama upande wa Waafrika. Hiyo ilikuwa miaka ambapo Unguja ilikuwa ikielekea katika kile ambacho wenyeji walikuja kukiita zama za siasa, wakati ambapo hata duka la kununulia sukari lilichaguliwa kwa kufuata chama. Mtu aliyefanya kazi katika vyumba vya habari vya pande mbili zinazopingana alizisikia habari za tukio moja zikisimuliwa kwa namna mbili, na kila msimulizi akiwa na yakini. Riwaya ya upelelezi imejengwa juu ya hali hiyo hiyo: mashahidi wengi, kweli moja, na mtu mmoja asiyekuwa na upande.

Mwaka 1958 akawa mhariri wa Mkulima, gazeti la mambo ya kilimo, akabaki hapo hadi alipostaafu mwaka 1968. Kwa hiyo Mapinduzi ya Januari 1964 na Muungano wa Aprili mwaka huo vilimkuta mezani pa gazeti la wakulima.

3.0 Mzimu wa Watu wa Kale na Magofu ya Kaole

Katika mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957–58, yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, mswada wa Abdulla uitwao Mzimu wa Watu wa Kale ulipata tuzo ya kwanza. Kitabu kilichapishwa mwaka 1960. Mwenye shamba anakutwa amekufa mahali pa mzimu, pale ambapo watu hupeleka sadaka na nadhiri zao, na swali linalowakabili wanaomjua ni kama aliyeua ni mkono wa mtu au ghadhabu ya wasioonekana.

Msomaji wa Mrima hahitaji kuvuka bahari ili auone uzito wa mandhari hayo. Kaole, kilomita zipatazo 5 kusini mwa Bagamoyo, pana magofu ya misikiti miwili na makaburi ya mawe ya matumbawe, mengine yakiwa na nguzo zilizopambwa zamani kwa bakuli za Kichina. Msikiti wa kale zaidi unahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Mikoko ilipoiziba bandari, biashara na watu vilihamia Bagamoyo, na mji wa mawe ukaachiwa mibuyu. Lakini mji uliohamwa haukusahauliwa. Kaburi linalotajwa kuwa la Sharifa limeendelea kuzuriwa na wenye haja, na maji ya kisima cha hapo yanahesabiwa kuwa na baraka. Kwa mwenyeji, Kaole ni mahali pa historia na pia ni mahali pa kuombea.

Inafaa kukumbuka kwamba mwaka 1958, wakati ambapo mashindano yale yalikuwa yakifanyika, Neville Chittick, mhifadhi wa mambo ya kale wa serikali ya Tanganyika, alikuwa akichimba Kaole. Hakuna uhusiano wa moja kwa moja baina ya kazi hizo mbili, wala hatukusudii kuubuni. Tunachosema ni kwamba katika mwaka mmoja, pande mbili za mlango wa bahari wa Zanzibar, kazi mbili za uchunguzi zilielekezwa kwa watu wa kale. Mwanaakiolojia aliuliza watu hao walijenga nini, lini na kwa mali gani. Mtunzi wa riwaya aliuliza swali la walio hai: nani anapata faida kwa kulitumia jina la watu wa kale?

Swali hilo la pili ndilo linaloifanya riwaya iwe ya pwani yetu na si nakala ya Ulaya. Ni kweli kwamba Bwana Msa ameathiriwa na Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle. Kiko, rafiki mwenye akili ya kawaida, na polisi anayehitaji msaada, ambaye hapa ni Inspekta Seif, vyote vinatambulika mara moja. Lakini Holmes akikabiliwa na habari za mizuka huzikataa kabla ya kuanza kazi, kwa kuwa jamii yake ya wasomi imekwisha kumkubalia. Bwana Msa hana ruhusa hiyo. Anafanya kazi miongoni mwa majirani ambao imani ya mzimu ni sehemu ya adabu yao, na akiidharau imani hiyo atanyimwa maneno yote anayoyahitaji. Hivyo anaichukulia imani kuwa ushahidi. Anataka kujua nani anaamini kweli, nani anajifanya kuamini, na nani anategemea kwamba wengine wanaamini. Kwa njia hii riwaya inatetea akili bila ya kuwatukana watu wake, jambo ambalo maandishi mengi ya wakati ule, ya wakoloni na ya wanamaendeleo, hayakuliweza.

4.0 Shujaa Anarudi: 1968 hadi 1976

Baada ya mwaka 1960 Bwana Msa alinyamaza kwa miaka 8. Katika kipindi hicho Zanzibar ilipata uhuru Desemba 1963, ikapindua serikali mwezi mmoja baadaye, na ikaungana na Tanganyika. Ulimwengu wa riwaya ya kwanza, wa wenye mashamba, watumishi, mirathi na nasaba, ulivunjwa na sheria mpya za ardhi. Mwandishi yeyote angekuwa na sababu ya kumwacha shujaa wake afe pamoja na ulimwengu wake.

Abdulla hakufanya hivyo. Mwaka 1968, ambao ndio mwaka aliostaafu kazi ya Mkulima, ilitoka Kisima cha Giningi, iliyochapishwa na Evans Brothers wa London. Jina lenyewe linaeleza mwelekeo. Giningi katika masimulizi ya Unguja ni makao ya wachawi, mahali ambapo wanga hukutana. Mwandishi alirudi kwenye uwanja ule ule aliouacha mwaka 1960, uwanja wa hofu za watu, akamkabidhi Bwana Msa kazi ile ile ya kutenganisha uchawi na uhalifu.

Hapa ndipo mfano wa Conan Doyle unapotusaidia. Holmes, aliyetokea kwanza mwaka 1887, aliuliwa na mtunzi wake mwaka 1893 katika maporomoko ya maji ya Uswisi, kwa sababu mtunzi alimchoka. Wasomaji walilalamika, na majarida yalikuwa tayari kulipa fedha nyingi. Mwaka 1901 Doyle akamrudisha katika kisa kilichodaiwa kuwa kilitokea kabla ya kifo, na mwaka 1903 akamfufua kabisa kwa maelezo kwamba hakuwahi kufa. Ufufuo huo ulikuwa ushindi wa soko juu ya mtunzi. Bwana Msa, kwa upande wake, hakuuliwa na mtu. Alikosa nafasi tu, na aliporudi hakuhitaji maelezo yoyote. Alirudi kama mtu aliyekuwa safarini, akavuta kiti, akawasha kiko.

Kurudi kwa pili kulikuwa kukubwa zaidi. East African Publishing House, shirika lililoanzishwa Nairobi mwaka 1965, lilitoa riwaya nne za Abdulla kwa mfululizo: Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976). Hivi vilikuwa vitabu vya jalada jepesi, vya kuweza kubebwa mfukoni na kuazimana. Katika kundi hili mizimu na wachawi hawatawali tena. Nafasi yao inachukuliwa na siri za nyumba: uzazi, ndoa, malezi, jina la baba. Mabadiliko haya yana maana. Mpelelezi aliyeanza kwa kuwauliza watu wanaogopa nini makaburini, sasa anawauliza wanaficha nini vyumbani. Lugha nayo imekomaa. Majadiliano yamerefuka, mizaha imekuwa mingi, na msomaji hufika mahali akayafurahia mazungumzo ya Bwana Msa na Najum hata kama hajali tena nani mkosaji.

Wahakiki wamelalamika kwamba riwaya hizi haziyazungumzi Mapinduzi. Lalamiko lina ukweli wake. Lakini mtu aliyepita katika magazeti ya pande zote, na aliyeishi Unguja katika miaka ambapo neno la siasa liliweza kumponza msemaji, alijua kuna mambo husemwa na mambo hunyamaziwa. Kwa kuichagua familia kuwa uwanja wake, Abdulla aliendelea kuandika kuhusu nasaba, yaani kuhusu nani ni nani na nani ana haki ya nini. Hayo ndiyo maswali ambayo siasa ya visiwa ilikuwa imeyamwagia damu. Aliyaandika kwa kipimo cha nyumba moja.

5.0 Kimya cha Pili na Kosa la Bwana Msa

Baada ya mwaka 1976 shujaa alinyamaza tena, na kwa sadfa kimya hiki nacho kilidumu miaka 8. Sababu za nje ziko wazi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na pamoja nayo ile East African Literature Bureau iliyomtoa Abdulla gizani. Mwaka huo huo mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, ukabaki umefungwa hadi mwaka 1983. Mwandishi wa Unguja ambaye vitabu vyake vilipigwa chapa Nairobi alikatwa na mchapishaji wake, na wasomaji wa Bara na visiwani wakakatwa na vitabu. Hatuwezi kudai kwamba mpaka peke yake ulimnyamazisha, kwani mwandishi alikuwa amekaribia umri wa miaka 60. Lakini ni vigumu kutoutilia maanani ukweli kwamba Kosa la Bwana Msa ilitoka mwaka 1984, mwaka mmoja baada ya mpaka kufunguliwa.

Wakati huo uwanja ulikuwa umejaa wageni. Faraji Katalambulla alikuwa ametoa Simu ya Kifo tangu mwaka 1965, akiipeleka hadithi ya upelelezi katika jiji la Dar es Salaam. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona (1974) na Kikosi cha Kisasi (1979), jasusi wa ndege, bastola na ukombozi wa Afrika. Ben Mtobwa naye alimtuma Joram Kiango katika vitabu vyake vya miaka ya 1980. Mashujaa hawa walikuwa vijana wa mji, wenye kasi. Bwana Msa alikuwa mtu wa barazani. Hata hivyo, nao walirithi kutoka kwake jambo moja la msingi, ambalo kabla ya mwaka 1960 halikuwepo katika riwaya ya Kiswahili: mhusika mmoja anayerudi kitabu baada ya kitabu, na msomaji anayenunua kitabu kwa ajili ya mhusika huyo.

Jina la riwaya ya mwisho linastahili kuangaliwa. Mwandishi wa upelelezi huishi kwa sifa ya shujaa asiyekosea. Abdulla, katika kitabu alichokitoa akiwa na umri wa miaka 66, aliliweka neno kosa kwenye jalada, mbele ya jina la shujaa wake. Jambo hilo linaonesha kwamba kwake kumrudisha shujaa kulimpa nafasi ya kukihoji kile alichokijenga, na si kurudia tu. Abdulla alifariki mwaka 1991.

6.0 Jina la Mwandishi na Jina la Shujaa

Inajulikana kwamba jina Msa, ambalo pia ni namna ya pwani ya kulitamka jina Musa, limeundwa na herufi za mwanzo za Muhammed Said Abdulla. Mwandishi alijikopesha kwa shujaa wake. Ili tuuelewe uzito wa mkopo huo, tumlinganishe Bwana Msa na shujaa wa Kimarekani aitwaye Nick Carter. Huyu alitokea mwaka 1886 katika vijarida vya bei nafuu vya New York, akaandikwa na watu wengi walioajiriwa, akazeeka na kusahauliwa. Mwaka 1964 wachapishaji walimfufua katika vitabu vya jalada jepesi wakamgeuza jasusi, na mfululizo huo ukapita vitabu 200 kufikia mwaka 1990. Juu ya majalada hayo jina la mwandishi lilikuwa Nick Carter. Shujaa aliwameza watunzi wake, na kwa sababu hiyo hakuweza kufa, kwani hakuwa na mtu wa kufa naye.

Bwana Msa ni kinyume chake. Jina lake ni la mtu mmoja aliyezaliwa Makunduchi, na lugha yake ni ya mtu huyo. Shirika lingeweza kumwajiri mwandishi mwingine aendeleze kiko, Najum na Inspekta Seif, lakini lisingeweza kununua sikio lililozoezwa na Mwaka Kogwa, na nyua za watu, na vyumba vya habari vya zama za siasa. Hiyo ni nguvu ya riwaya hizi na pia ni udhaifu wao. Nguvu, kwa kuwa hakuna ukurasa ulioandikwa kwa agizo la soko. Udhaifu, kwa kuwa mwandishi alipokufa, na mashirika yaliyomchapisha yalipovunjika au kuacha uwanja, shujaa alibaki bila ya mlezi.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba Muhammed Said Abdulla alimfufua Bwana Msa mara tatu: mwaka 1968 baada ya Mapinduzi, mwaka 1973 alipopata mchapishaji wa Afrika Mashariki, na mwaka 1984 baada ya mpaka kufunguliwa. Kila mara shujaa alirudi akiwa na swali jipya, kutoka mizimu hadi nasaba, na kutoka nasaba hadi kosa lake mwenyewe.

Ufufuo wa nne hauwezi kuwa kazi yake. Kwa wanafunzi wa uzamili tunapendekeza kazi mbili zinazowezekana. Ya kwanza ni kulinganisha matoleo ya riwaya hizi, kwa sababu vitabu vilivyopita katika mikono ya wachapishaji wa Nairobi na London huenda vimebeba mabadiliko ya lugha ambayo hayakutoka kwa mwandishi. Ya pili ni kuyatafuta na kuyasoma maandishi yake ya magazeti tangu mwaka 1948, ambayo ndiyo karakana alimofundishwa. Watu wa Kaole waliyatunza makaburi ya mji uliohamwa kwa kuendelea kuyazuru, na mhifadhi akayatunza kwa kuyachimba na kuyaandika. Riwaya za Abdulla zinahitaji matunzo ya aina zote mbili: msomaji wa kuzizuru na mtafiti wa kuzichimba.